Kalankoe Chumbani: Nafasi ya Giza katika Kuchanua kwa Ua

Utangulizi

Miongoni mwa mimea inayouzwa katika vitalu vya kando ya barabara jijini Nairobi, kalankoe ni mmoja wa ile inayomteka mnunuzi kwa wepesi. Ni mmea mfupi, wenye majani mazito ya kijani yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na juu ya majani hayo hukaa vishada vya maua madogo mekundu, ya manjano, ya waridi au meupe. Huuzwa ukiwa umekwisha kuchanua. Mnunuzi huupeleka nyumbani au katika chumba chake cha bweni, akauweka mezani, na kwa majuma kadhaa ukampa furaha bila kumdai mengi. Kisha maua hukauka. Mwenye mmea huendelea kuutilia maji, huuongezea mbolea, huubadilishia udongo, nao humjibu kwa majani: majani mapya, mapana, yenye siha, lakini ua halionekani hata moja. Mwaka hupita. Hatimaye huamua kwamba mmea umezeeka, au kwamba aliuziwa mmea mbovu, akautupa jalalani.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba, aghalabu, mmea unaotupwa namna hiyo hauna kasoro yoyote. Haukukosa maji wala mbolea. Ulichokosa ni giza. Ili dai hilo lieleweke, ni sharti kwanza ieleweke asili ya mmea wenyewe na jinsi jani lake linavyofanya kazi, kwa maana mtunzaji asiyelifahamu jani hawezi kulifahamu ua.

Asili na Jina

Jina la kitaalamu la mmea unaozungumziwa ni Kalanchoe blossfeldiana. Kwao ni Madagaska, katika milima ya Tsaratanana iliyo kaskazini mwa kisiwa hicho, ambako kilele cha Maromokotro hufikia mita 2,876 juu ya usawa wa bahari. Robert Blossfeld, mfanyabiashara wa mimea wa mji wa Potsdam nchini Ujerumani, ndiye aliyeuingiza katika biashara ya bustani mwaka 1932. Miaka miwili baadaye, yaani 1934, mtaalamu Karl von Poellnitz akaupa jina linalomkumbuka mfanyabiashara huyo. Jenasi yenyewe ilikuwa imekwisha kupewa jina la Kalanchoe na Mfaransa Michel Adanson mwaka 1763, na inasadikika kwamba neno hilo lina chimbuko la Kichina. Basi mmea wa Madagaska ukapata jina la kwanza kutoka Uchina na la pili kutoka Ujerumani. Wenyeji wa kisiwa hawakuachiwa hata silabi moja.

Kenya nayo si ngeni kwa jenasi hii. Spishi kama Kalanchoe densiflora na Kalanchoe lanceolata humea zenyewe porini, ingawa wapita njia wengi huziona kama magugu tu. Lililo geni ni istilahi. Hata kundi zima la mimea inayohifadhi maji katika majani au mashina, kundi ambalo mshubiri ni mfano wake unaofahamika zaidi, halijapata jina moja lililotulia katika Kiswahili. Katika makala haya inaitwa mimea yenye majani manono, japo unono kwa kawaida ni sifa ya kondoo wa sikukuu.

Jani, Maji na Udongo

Mwaka 1815 ilichapishwa barua ya Benjamin Heyne, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi India, iliyoeleza jambo alilolitambua kwa ulimi wake mwenyewe. Alikuwa ametafuna majani ya mmea wa jamii moja na kalankoe, ule ambao leo huitwa Kalanchoe pinnata. Asubuhi jani lilikuwa chachu. Adhuhuri lilikuwa halina ladha. Jioni lilikuwa na uchungu kidogo. Mmea ulikuwa ule ule, na jani lilikuwa la aina ile ile. Kilichobadilika ni kilichomo ndani. Msomaji asijaribu kumwiga Heyne, kwa sababu itakayobainika baadaye.

Maelezo ya sayansi ni haya. Mimea mingi hufungua stomata, yaani vile vitundu vidogo vya majani, wakati wa mchana ili ipokee kaboni dioksaidi, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji yake huponyoka. Kalankoe, hasa maji yanapokuwa haba, hufanya kinyume. Hufunga vitundu mchana jua linapowaka, huvifungua usiku kukiwa na ubaridi, hupokea gesi hiyo na kuiweka akiba katika umbo la asidi ya maliki. Kukipambazuka hufunga milango yake na kuitumia akiba hiyo katika usanisinuru, huku asidi ikipungua saa baada ya saa. Uchachu alioupata Heyne asubuhi ulikuwa chumo la usiku kucha.

Mmea unaojibana hivyo katika matumizi ya maji hufa kwa kuhurumiwa. Kinachoua kalankoe wengi majumbani si ukame bali ni upendo wa mtu anayepita na kikombe cha maji kila asubuhi. Utaratibu unaofaa ni kutia kidole katika udongo hadi kina cha sentimita tatu hivi. Ukiwa mkavu, mmea hutiliwa maji hadi yatoke chini ya chungu, kisha huachwa mpaka ukauke tena. Katika miezi ya joto ya Januari na Februari huenda ukahitaji maji mara moja kwa juma. Katika baridi ya Julai majuma mawili huweza kupita bila madhara. Maji yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani wala maua, kwani maji yanayotuama katikati ya majani hukaribisha kuvu.

Hapa pana mtego wa lugha ya mmea ambao huwapoteza hata watunzaji makini. Jani lililolegea na kukunjamana huwa na kiu. Lakini mizizi iliyooza kwa wingi wa maji pia haiwezi kunywa, na kwa hiyo jani lake hulegea vile vile. Mtunzaji anayeona ulegevu akakimbilia maji bila kugusa udongo huongezea mgonjwa ugonjwa wake. Udongo ukiwa umelowa na shina likiwa laini na jeusi karibu na ardhi, dawa ni kukata sehemu ya juu iliyo nzima na kuanza upya kwa kipandikizi.

Chombo nacho kina usemi mkubwa. Chungu cha udongo uliochomwa hufaa kuliko cha plastiki kwa kuwa kuta zake hupumua. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za Kenya mmea hupandwa katika kopo la rangi au la mafuta ya kupikia, na hakuna ubaya wowote katika hilo mradi kitako cha kopo kitobolewe kwa msumari mahali patano au zaidi. Ile karatasi inayong'aa ambayo wauzaji huuzungushia mmea ili upendeze kama zawadi hushika maji chini ya chungu; iondolewe siku ya kwanza. Udongo uwe wa kupitisha maji: sehemu mbili za udongo wa shambani, moja ya mboji na moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Udongo mweusi unaonata, ule wa tambarare za Embakasi na Athi River, haufai ukitumiwa peke yake, maana hushika maji kama sifongo na ukikauka hupasuka na kukata mizizi.

Dirisha

Vitabu vingi vya utunzaji wa mimea ya nyumbani vimeandikwa Ulaya au Marekani, na msomaji wa Kenya anayevifuata neno kwa neno hupotea katika jambo moja mahususi. Vitabu hivyo humshauri auweke mmea katika dirisha linaloelekea kusini. Huko ni sahihi, kwa kuwa jua la nchi zile hupita upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko takriban digrii moja na robo kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi iliyosalia huwa kusini. Dirisha la kusini lililojaa jua mwezi wa Desemba huwa na kivuli mwezi wa Juni. Dirisha la mashariki ndilo lisilogeuka: hupokea jua la asubuhi, ambalo si kali, siku zote za mwaka. Asiye na dirisha la mashariki auhamishe mmea wake mara mbili kwa mwaka. Kalankoe unaonyimwa mwanga hurefuka shina, majani yakaachana na kuinamia upande wa dirisha. Unaotolewa ghafla kivulini na kuwekwa katika jua la saa sita hugeuka wekundu kingo za majani na wakati mwingine huungua.

Giza

Mwaka 1920 Wightman Garner na Harry Allard, watafiti wa Idara ya Kilimo ya Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya aina ya tumbaku iliyokataa kuchanua wakati wa kiangazi. Waligundua kwamba haikuwa ikisubiri joto wala mbolea. Ilikuwa ikisubiri siku zipungue urefu. Mimea ya namna hiyo ikaitwa mimea ya mchana mfupi, na kalankoe ni mmoja wao. Mnamo 1938, Karl Hamner na James Bonner walisogeza elimu hiyo hatua moja mbele na kuonyesha kwamba jina hilo lina walakini. Walipoukatiza usiku mrefu kwa mwanga wa muda mfupi tu, mmea waliouchunguza haukuchanua; walipoukatiza mchana kwa giza la muda mfupi, haukujali. Kwa hiyo kinachopimwa na mmea si urefu wa mchana bali ni urefu wa usiku usiokatizwa.

Katika hesabu ya Waswahili wa pwani, siku huanza jua linapotua, na usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa. Yaelekea kalankoe ungeielewa hesabu hiyo vizuri zaidi kuliko ile ya kuanza siku katikati ya usiku.

Kipimo hicho hufanywa na majani. Ndani yake mna kemikali iitwayo fitokromu ambayo huhisi mwanga, hasa mwekundu. Usiku unapokuwa mrefu vya kutosha, tena kwa siku nyingi mfululizo, majani hupeleka ujumbe kwenye ncha za mashina, na ncha iliyokuwa ikizaa majani huanza kuunda matumba ya maua. Usiku ukikatizwa, ujumbe hautumwi. Taa inayowashwa usiku wa manane, hata kwa muda mfupi, yaweza kuwa kwa mmea sawa na mapambazuko.

Sasa ifikiriwe hali ya Kenya. Huko Tsaratanana, digrii 14 hivi kusini mwa ikweta, mwezi wa Juni usiku huupita mchana kwa zaidi ya saa moja, na hiyo ndiyo ishara ambayo mmea huu umeizoea tangu zama. Nairobi hakuna ishara kama hiyo. Tofauti baina ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki dakika 15. Mchana huwa na saa 12 na dakika chache, na ukijumlisha utusitusi wa alfajiri na wa magharibi, giza halisi hupungua saa 12. Kwa hiyo kalankoe wa Kenya huishi mpakani mwaka mzima. Ulio nje, penye giza la kweli na ubaridi wa nyanda za juu, mara nyingi huvuka mpaka huo na kuchanua bila kusaidiwa. Ulio ndani ya nyumba yenye umeme hauvuki.

Chumba cha bweni ni mfano ulio wazi. Hukaliwa na wanafunzi wawili, pengine wanne, na kila mmoja ana ratiba yake. Mmoja hulala saa nne usiku, mwingine husoma hadi saa nane. Mmea uko mezani, palepale penye taa ya kusomea, kwa kuwa ndipo pazuri na ndipo penye nafasi. Taa ikizimwa, mwanga wa taa za usalama za nje hupenya pazia, na alfajiri anayewahi bafuni huwasha tena. Mmea wa chumba hicho haujapata kuuona usiku wa saa nane mfululizo tangu ulipoletwa. Kadiri mwenyewe anavyokesha akijiandaa kwa mtihani, ndivyo mmea unavyosadiki kwamba msimu wa maua bado. Kukatika kwa umeme usiku mmoja, ambako kungedhaniwa kuwa baraka yake, hakuusaidii, kwani mmea hudai mfululizo.

Wala mnunuzi asidanganywe na maua aliyouona nayo kitaluni. Wakulima wa biashara huifunika mimea hii kwa mapazia meusi ndani ya vibanda vyao, kwa ratiba maalumu, ili ichanue mwezi wowote wanaoutaka. Maua ya mezani ni matokeo ya giza la huko ulikotoka. Yakiisha, giza jipya ni la mwenye mmea kulitoa.

Namna ya kulitoa ni rahisi, ila yataka subira. Mmea hufunikwa kwa katoni isiyo na tundu kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi, yaani kwa saa 14. Atokaye darasani akiwa amechelewa aufunike saa kumi na mbili jioni na aufunue saa mbili asubuhi. Lililo muhimu ni hesabu itimie. Mchana urudishwe dirishani kama kawaida, kwani saa kumi hizo za mwanga ndizo zinazoulisha. Wapo wanaosikia habari ya giza wakaufungia mmea kabatini usiku na mchana kwa majuma mazima. Kiswahili kina ua la kunusa na kuua kwa kufisha, na watu hao hutafuta la kwanza wakaishia la pili.

Zoezi hili hufanywa kila siku kwa majuma sita hivi. Usiku mmoja wa kusahau hauharibu yote, lakini kusahau kila mwisho wa juma, mwenyewe anapokwenda nyumbani, huweza kuliharibu. Hapa ndipo utunzaji unapogeuka kuwa suala la mapatano na mwenzake wa chumba, na si vyema kuudharau upande huo wa kadhia. Mtu aliyekubali kuvumilia katoni juu ya meza ya pamoja kwa siku arubaini na ushei ana sehemu yake katika ua hilo. Katika kipindi hicho maji yapunguzwe na mbolea isitiwe. Matumba yakionekana vizuri, kufunika kunaweza kukoma. Tangu siku ya kwanza ya katoni hadi maua kufunguka hupita miezi mitatu hivi, kwa hiyo anayetaka maua ya Desemba aanze mapema mwezi wa Septemba. Mombasa na mahali pengine penye usiku wa joto, maua huweza kuchelewa zaidi hata giza likitimia, na inafaa mmea uwekwe mahali penye ubaridi kuliko pote katika nyumba.

Baada ya Maua

Maua yakikauka, vikonyo vyake hukatwa chini kidogo, juu ya jozi ya majani yenye nguvu. Mmea hupumzishwa mwezi mmoja, kisha huweza kutiwa mbolea ya majimaji iliyozimuliwa, mara moja kwa mwezi. Mashina yaliyorefuka ovyo hukatwa, na vipande vyenye urefu wa sentimita 7 hadi 10 hufaa kuwa vipandikizi. Visipandwe papo hapo. Huachwa kivulini siku moja au mbili hadi jeraha likauke, ndipo huchomekwa katika mchanga wenye unyevu kidogo, na kwa majuma matatu hivi huanza kushika mizizi. Kwa njia hii mmea mmoja huzaa mitano, na aliyekuwa akinunua huanza kugawa. Wadudu si wengi. Wanaosumbua zaidi ni wale wadogo weupe wanaofanana na vipande vya pamba katika makwapa ya majani. Hupanguswa kwa pamba iliyochovywa spiriti.

Lililobaki ni ile sababu ya kutomwiga Heyne. Jamii ya kalankoe ina sumu ziitwazo bufadienolidi, ambazo hudhuru moyo, na ambazo nyingine za aina hiyo hupatikana katika ngozi ya chura. Nchini Afrika Kusini na Australia, mifugo iliyokula spishi mbalimbali za jenasi hii imekufa. Paka na mbwa hutapika na kuharisha wanapotafuna majani yake, na wakila mengi mapigo ya moyo huvurugika. Sumu imo katika mmea mzima, na katika maua huwa nyingi zaidi. Kwa hiyo chungu kiwekwe mahali ambapo mtoto atambaaye hafiki. Na yale mashina yaliyokatwa baada ya maua, pamoja na vikonyo vilivyokauka, yasirushwe nje ya ua penye mbuzi wa jirani, bali yafukiwe shimoni.